Tanzia na Gari Namba Sitini na Moja

Katika mji ule mtu hakuhesabiwa maiti mpaka Tanzia amtangaze. Daktari angeweza kuandika cheti, seremala angeweza kuja na futi yake kupima, mashemeji wangeweza hata kuanza kunyang'anyana televisheni ya marehemu. Yote hayo yalikuwa uvumi. Lakini saa moja na nusu asubuhi, baada ya bei za nafaka na kabla ya muziki, ile sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo ilipotoka redioni ikisema, "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo," watu waliweka vikombe vya chai chini. Keshakufa, basi. Kasema Tanzia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na mkewe, fundi cherehani, alilitumia siku za ugomvi peke yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati lililofungwa kifungo cha shingoni, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajamuua aliye hai hata mmoja. Hili lisichukuliwe kirahisi. Kuna familia moja iliwahi kumletea karatasi ya mzee wao aliyezimia hospitalini, wakamwomba asome mapema ili ndugu wa mbali wapate nafasi ya kusafiri. Tanzia akairudisha. "Mleteni akishakufa," alisema. Mzee yule akaamka siku ya tatu akaulizia uji, na mpaka leo anashona viatu karibu na soko. Wengine wana mashamba na magorofa. Tanzia alikuwa na hilo. Akisema neno, watu hawaulizi mara mbili.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi. Kuta za studio zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na trei kadhaa bado zilikuwa na ganda moja moja. Mkurugenzi, kabla ya kuwa mkurugenzi, alikuwa akikodisha spika kwenye harusi, na imani yake ilikuwa kwamba redio ni spika kubwa tu isiyohitaji kubebwa. Alichokiogopa duniani ni kimoja, ukimya. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kwa herufi kubwa: SEKUNDE KUMI ZA UKIMYA, UENDE NYUMBANI. Haukuwa mzaha, maana mtangazaji wa kipindi cha akina mama alishakwenda nyumbani kwa sababu ya chafya tatu zilizofuatana.

Sasa, mtangazaji wao wa mpira alihamia redio ya ng'ambo ya barabara, akaondoka na wasikilizaji wote wenye sauti. Mkurugenzi alinuna wiki nzima. Kisha akasafiri kwenye shughuli zake, akalala hotelini, akakuta ukumbini pana televisheni inaonyesha mbio za langalanga, yale magari mafupi yenye kiti kimoja na mabawa mbele na nyuma. Alirudi na homa yake. Akaita kikao.

"Mpira kila mtu anao," alisema. "Sisi tutaleta langalanga. Jumapili ijayo, moja kwa moja, kwa Kiswahili. Mwenye duka la magodoro amekubali kudhamini. Mtangazaji ni mzee wetu hapa."

Tanzia akageuka kutazama nyuma yake. Nyuma palikuwa na ukuta.

"Mimi, bosi? Mimi nasoma vifo."

"Ndiyo, mzee wangu, nami nimelifikiria hilo. Vifo vyenyewe maneno ni yale yale. Tunaweza kukurekodi mara moja, tukawa tunachomeka majina. Kwa hiyo utangaze mbio, watu wapende, au mwisho wa mwezi tuagane vizuri, tukukatie keki."

Nyumbani alimpa habari mkewe, na mkewe akasimamisha cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata siku mtaa ulipowaka moto. Kodi, ada za mtoto wa mwisho, dawa za mama, vyote vilining'inia kwenye sauti ile. Mama ni mama yake fundi cherehani, mkwe wake Tanzia. Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu, akaishi na redio sikioni tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyejivunia mkwe kama yeye.

"Shikamoo, mama. Nimepewa kazi ya kutangaza mbio za magari."

"Marahaba, mwanangu. Yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote, mama. Yanazunguka."

"Yanarudi pale pale yalipotoka?"

"Pale pale. Mara hamsini na saba."

Bibi kizee akafikiri. "Na hao madereva, wana wazazi?"

Kuuliza si ujinga, na Tanzia hakuwa na aibu ya kuuliza. Mwalimu alimpata mle mle redioni, fundi mitambo, mama mmoja mwembamba wa mapacha, asiyesema sana kwa kuwa muda mwingi alikuwa na koleo mdomoni. Kaka yake alikuwa na king'amuzi, na kwa miaka sita mama huyu alikuwa akitazama langalanga kimya kimya bila kumwambia mtu. Kila mchana walikaa juu ya makreti ya soda, yeye akafundisha, Tanzia akaandika daftarini.

"Tuanze na gari, baba. Lina kiti kimoja. Hakuna abiria, hakuna utingo, hakuna honi."

"Mzigo?"

"Hakuna mzigo."

"Basi la nini?"

"La kukimbia."

Tanzia akaandika: *Halina faida.*

"Juu ya kichwa cha dereva kuna chuma kimeinama hivi, kama ukanda wa ndara. Gari likipinduka, chuma kinabeba uzito, shingo inapona. Kila timu ina magari mawili, kwa hiyo mpinzani wa kwanza wa dereva ni mwenzake wa timu."

"Kama ofisini," alisema Tanzia, na hilo hakuliandika, alikuwa analijua.

Jumamosi, mama mapacha alieleza, wanachujana. Kila mmoja anazunguka kutafuta muda mfupi kuliko wenzake, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye husimama mbele kabisa Jumapili. Kumi wa kwanza mwisho wa mbio hupata alama, mshindi ishirini na tano, wa kumi hupata moja. Wa kumi na moja na kuendelea hawapati hata shukrani. Kisha wakaja kwenye matairi. Yale laini yana mstari mwekundu, yana kasi lakini yanakufa mapema. Yale magumu yana mstari mweupe, hayana papara, yanaishi. Katikati kuna ya njano. Hapo Tanzia hakuhitaji maelezo ya ziada, maana watu wa aina zote tatu alishawasoma.

"Tairi likichoka, dereva anaingia pembeni. Watu kama ishirini wanalivamia gari, na baada ya sekunde mbili na nusu limeshaondoka."

"Limebadilishwa tairi?"

"Manne."

Tanzia alichungulia dirishani. Chini, fundi pancha alikuwa na gurudumu moja tangu asubuhi, na sasa alikuwa ameliegemea anakunywa soda.

Bendera zilimchukua siku nzima. Njano ni hatari, hakuna kumpita mtu. Nyekundu, mbio zinasimama. Ile ya miraba myeusi na myeupe ni mwisho. Lakini iliyomgusa ni ya buluu. Hiyo anaonyeshwa dereva aliyeachwa nyuma mzunguko mzima, kwamba wakubwa wanakuja, kaa pembeni uwapishe.

"Na akishawapisha?"

"Anaendelea na mbio zake."

"Maskini," alisema Tanzia, akaipigia mstari.

Siku ya mwisho walifika kwenye gari la usalama. Ikitokea ajali, mama mapacha alisema, linaingia gari la kawaida lenye taa juu, linatangulia, na wote wanajipanga nyuma yake mwendo wa pole. Hakuna kumpita mwenzako mpaka njia isafishwe.

"Kumbe msafara wa mazishi," alisema Tanzia, uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Ndiyo, baba. Ila hawa wakimaliza wanaanza upya."

Jumapili alasiri studio ilikuwa na joto la tanuri. Televisheni ndogo iliwekwa juu ya stuli, king'amuzi chini yake, Tanzia mbele yake na daftari. Mkurugenzi hakuwepo. Alikuwa dukani kwa mdhamini, wamekaa juu ya magodoro ambayo hayajavuliwa nailoni, spika mbili kubwa mlangoni, na umati umejaa hadi barabarani. Simu alikuwa ameizima ili asisumbuliwe siku ya ushindi wake.

Taa tano nyekundu zikawaka moja moja, zikazimika zote kwa pamoja, magari ishirini yakafyatuka, na Tanzia akafungua kinywa. Sauti aliyokuwa nayo ni moja, Mungu hakumpa akiba. "Habari ziwafikie wasikilizaji popote pale walipo," alisema polepole, "kwamba mbio zimeanza."

Ungedhani watu wangecheka. Walicheka dakika mbili tu. Gari namba kumi na nane lilipofuka moshi na kuegeshwa majanini, Tanzia alisema kwa huzuni ya kweli, "Gari namba kumi na nane limetutoka katika mzunguko wa tisa, baada ya kuugua injini kwa muda mfupi. Limeacha makanika themanini na ndugu mmoja wa timu," na dukani kwa magodoro mwanamke mmoja akafuta machozi kwa kanga. Mtangazaji gani wa mpira aliwahi kuwaliza watu kwa sababu ya injini? Kufikia mzunguko wa ishirini hakuna aliyekuwa anacheka. Waliokuwa ng'ambo ya barabara wakaanza kuvuka.

Na nyuma ya wote kulikuwa na gari la kijani, namba sitini na moja. Lilianza la mwisho na likabaki la mwisho. Mara tatu lilionyeshwa bendera ya buluu, mara tatu likakaa pembeni kwa adabu likawapisha wakubwa. Tanzia alilitaja kila safari, hakuweza kujizuia. Simu ya studio ikalia, mama mapacha akaipokea, akaandika kwenye karatasi na kuiinua: *Mama mkwe wako anauliza, yule wa mwisho hajambo?* Tanzia akasema hewani kwamba yule wa mwisho hajambo, anaendelea. Simu haikunyamaza tena. Mji mzima ulitaka habari za wa mwisho. Wa kwanza wana watu wao.

Mzunguko wa thelathini na moja, picha ikakatika.

Haikuwa mvua wala umeme. Kioo kiligeuka buluu, na katikati yakatokea maneno meupe yenye heshima: *Mpendwa mteja, kifurushi chako kimekwisha.* Mkurugenzi alikuwa amenunua kifurushi cha siku saba Jumapili iliyopita, ili afanye mazoezi ya kutazama, na siku saba ni siku saba. Mama mapacha alipiga simu yake mara tano. Haipatikani.

Tanzia alikitazama kioo. Sekunde tatu. Alijua la kusema: "Wasikilizaji, picha imekatika, hatujui kinachoendelea." Ni sentensi fupi, na ilikuwa kweli. Sekunde tano. Aliona keki, aliona cherehani iliyosimama, alimwona bibi amekumbatia redio. Mama mapacha alikuwa amesimama mbele yake anahesabu kwa vidole, na vidole vilikuwa vinakwisha. Kwenye kidole cha nane Tanzia akasema:

"Gari la usalama limeingia."

Huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa miaka kumi na tisa, na ulikuwa mzuri mno. Nyuma ya gari la usalama hakuna anayempita mwenzake, kwa hiyo hakuna cha kukosea. Akaeleza matairi. Akaeleza bendera. Akaeleza ukanda wa ndara na shingo. Akaeleza kwamba dereva hupungua kilo mbili tatu kwa jasho, na kwamba usukani una vitufe vingi kuliko vifungo vya shati la mwanajeshi. Gari la usalama alilizungusha mizunguko kumi na mmoja, bila shaka refu kuliko lolote lililowahi kuingia popote, na hakuna msikilizaji aliyelalamika. Watu wale walishazoea foleni.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mbio zilikuwa za mizunguko hamsini na saba, lazima ziishe, na Tanzia alilazimika kuyaachia magari. Hapo ndipo alipogundua jambo la kutisha, kwamba ana uwezo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiletewa karatasi na watu wameshakwenda, hana la kubadilisha hata herufi. Leo karatasi haikuwepo. Akiwa mtu mwema, hakutaka mtu aumie. Alimpeleka mmoja kubadili matairi, akampoteza mwingine kwenye mvua nyepesi aliyoinyesha mwenyewe. Na gari la kijani, ambalo halikuingia pembeni kwa kuwa lilikuwa na matairi magumu yanayoishi, likapanda. La kumi na tano. La kumi na tatu. Sauti ya msiba ikaanza kutetemeka kwa furaha, na alifurahi kweli, uongo wake alianza kuuamini mwenyewe. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, namba sitini na moja akampita mtu kwa ndani, bendera ya miraba ikaanguka, wa kumi! Alama moja!

Mji ulilipuka. Watu waliokuwa hawajui langalanga ni nini wiki iliyopita walikumbatiana juu ya magodoro ya mdhamini mpaka nailoni ikachanika. Bibi alipiga makofi peke yake sebuleni, akamwambia bintiye, "Nilikwambia yule mtoto ana wazazi."

Mtu mmoja tu hakushangilia, kinyozi wa kona, mwenye king'amuzi chake mwenyewe na kifurushi kilicholipiwa. Kwenye televisheni yake gari la kijani lilizimika mzunguko wa thelathini na nne, dereva akashuka, akavua kofia, akatembea zake. Kinyozi aliwaambia wateja hivyo hivyo alivyoona. Wateja, nusu wamenyolewa, wakamwambia televisheni yake mbovu. "Kasema Tanzia," walisema, na mmoja akainuka na upara wa upande mmoja akaenda kumalizia kunyolewa kwingine.

Siku tatu Tanzia alitembea mjini kama bwana harusi, na siku tatu hakulala vizuri. Jumatano gazeti likafika na matokeo: namba sitini na moja hakumaliza, na hapakuwa na mvua wala gari la usalama. Njia ya mwongo ni fupi, wasemao walisema, ila hii ilikuwa fupi kuliko kawaida. Kinyozi alinunua nakala sita, akazibandika kwenye kioo.

Asubuhi ya Alhamisi Mkurugenzi alimwita. Tanzia alipanda ngazi amekwisha kujiandaa, barua ya kuomba radhi mfukoni. Ndani yake alikuwa ameomba asome masahihisho hewani, kwa sauti yake, kwa jina lake la kitambulisho.

"Masahihisho?" Mkurugenzi alikuwa anacheka mpaka kiti kinalia. "Mzee, umefanya maajabu! Mdhamini ameuza godoro arobaini. Arobaini! Watu wanacheka, ndiyo, lakini wanacheka wakiwa kwetu. Nimekata king'amuzi kabisa. Cha nini? Sisi tunalipia picha, kumbe picha unayo kichwani."

"Bosi, nilidanganya."

"Ulitangaza. Tofauti ni ndogo sana, mzee wangu, muulize yeyote mwenye redio. Masahihisho hakuna, utaua utamu. Kazi unayo mpaka uzeeke, na vifo endelea kusoma mwenyewe, watu wanaipenda hiyo sauti."

Basi kazi akaipata, yote, na nyongeza juu. Aliposhuka ngazi alijiona mwepesi mwepesi, na haukuwa wepesi mzuri. Mkewe alifurahi, naye hakuweza kumlaumu kwa kufurahi. Bibi ndiye aliyezima redio mapajani. "Yule wa mwisho alizimika?" aliuliza. "Ndiyo, mama." "Ungesema tu, mwanangu. Mimi ningempenda vile vile."

Ijumaa mchana ililetwa karatasi. Alikuwa amefariki mzee wa posta, mstaafu, aliyewapelekea barua mlango kwa mlango miaka thelathini na mbili, akijua kila nyumba na kila mbwa. Maziko Jumamosi, saa nne asubuhi. Karatasi aliileta mwanawe mkubwa, akasema mama yake amesisitiza ikabidhiwe mkononi mwa Tanzia, si kwa mwingine.

Jumamosi saa moja na nusu akaisoma. Aliisoma vizuri, labda vizuri kuliko zote, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa kweli. Alipomaliza, simu ikalia, na siku hizo Mkurugenzi alikuwa ameamuru simu zote zipitishwe hewani moja kwa moja. Ilikuwa sauti ya mtu mchangamfu, nyuma yake watu wengine, labda wako kijiweni.

"Mzee Tanzia, shikamoo! Hebu tuambie, huyu mzee wa posta kafa kweli, au yuko nyuma ya gari la usalama?"

Wakaangua kicheko. Hawakuwa watu wabaya. Nusu yao mzee wa posta aliwaletea barua za shule. Tanzia alisema, "Amekufa, ndugu zangu, amekufa kweli," na akasikia jinsi neno "kweli" lilivyotoka kinywani mwake. Hakuwahi kulihitaji kabla. Simu ya pili ikaingia, mtu akauliza kama mvua itanyesha makaburini. Ya tatu, kama marehemu ameshika nafasi ya kumi. Mama mapacha akachomoa waya wa simu bila kumwuliza mtu, akaweka muziki, asimtazame usoni.

Saa nne na nusu Tanzia alikuwa makaburini, kwa miguu, shati limelowa. Alikuwa amepita njiani akiwaambia watu mlangoni kwao, muuza mkaa, mwenye mashine ya kusaga, fundi pancha. Walimsikiliza kwa adabu, wakatabasamu, wakamwambia watakuja wakishapata uhakika. Kinyozi peke yake alifunga duka akamfuata, kwa kuwa yeye alishapita nyumbani kwa marehemu kuhakikisha kwa macho yake.

Kwa mtu aliyegonga kila mlango wa mji ule, walikuja tisa. Viti vya plastiki mia moja vilikuwa vimepangwa mistari, vyeupe, vitupu. Jeneza lilikuwa bado garini, kwenye njia kuu, maana kutoka pale mpaka kaburini ni mtaro na mawe, lazima libebwe na watu sita. Walikuwepo watoto wawili wa marehemu, seremala, mchimba kaburi na kinyozi. Wengine waliobaki walikuwa wazee wa fimbo na akina mama.

Mjane alikuwa amesimama kando ya gari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama Tanzia akija mpaka alipofika.

"Wewe ndiye uliyetangaza."

"Ni mimi, mama. Pole sana."

"Nilimwambia mwanangu akupe wewe mkononi. Nikamwambia, akisema yule, watu huja." Aliviangalia viti. Hakupandisha sauti, na Tanzia angeshukuru kama angempigia kelele. "Tumesubiri. Sasa jua limepanda, hatuwezi kusubiri tena."

Maneno ya msiba Tanzia aliyajua yote kwa moyo, ndiyo yaliyomlisha na kumvika, na hakuna hata moja lililokuja.

"Samahani, mama," alisema.

"Samahani haibebi," alisema mjane. "Wamepungua mmoja. Shika upande huo."

Tanzia akainama, akashika.